SOMO: KOMPYUTA MOJA YENYE NGUVU KUZIHUISHA KOMPYUTA KUUKUU

Madhumuni ya somo hili ni kueleza jinsi kompyuta moja yenye nguvu inavyoweza kutumika kuzihuisha kompyuta kuukuu za Linux, yaani kuzipa marekebisho mapya ya programu. Limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi, pamoja na wanachama ambao hupitisha matumizi ya fedha katika mikutano.

Sababu za kuhuisha

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Hupatikana bila malipo, na aina zake nyepesi huweza kuendesha mashine ambazo zingekwisha kutupwa. Kwa hiyo chama chenye fedha kidogo chaweza kuitumia kwa faida.

Lakini kitu cha bure nacho huhitaji matunzo. Kasoro hugunduliwa katika programu mara kwa mara, na watengenezaji hutoa marekebisho ya kuziziba. Kompyuta yenye daftari la wanachama, uzito wa kahawa ya kila mmoja na malipo anayodai, ikikosa marekebisho hayo, ni sawa na ghala lililojaa mavuno huku kufuli lake ni bovu. Hasara ikitokea, atakayeumia ni mkulima.

Kazi hii huahirishwa kwa sababu mbili: intaneti hugharimu fedha, na mashine kuukuu huenda polepole. Tiba yake ni kufanya kazi nzito mahali pamoja. Wakulima wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu cha KNCU kiliundwa mwaka 1933, wanaifahamu kanuni hiyo barabara. Mkulima huweza kumenya na kukausha kahawa yake nyumbani, lakini hakuna anayejenga kiwanda cha kukoboa katika kila kihamba.

Njia ya kwanza: kupakua mara moja

Chukua mfano wa ofisi yenye kompyuta nane za Debian, zote za toleo moja. Ikiwa kila moja yahitaji marekebisho ya megabaiti 300, nane zikipakua kila moja peke yake zitatumia megabaiti 2,400. Kompyuta yenye nguvu ikiwekewa programu iitwayo apt-cacher-ng, faili hupakuliwa mara moja tu na kuhifadhiwa katika diski yake. Mashine zilizobaki huchukua humo kwa waya wa ofisini, na gharama hubaki karibu na megabaiti 300.

Katika kila mashine kuukuu huongezwa mstari mmoja ndani ya faili mpya katika folda ya /etc/apt/apt.conf.d, ambamo neno ANWANI hubadilishwa kuwa anwani ya kompyuta yenye nguvu:

Acquire::http::Proxy "http://ANWANI:3142";

Anwani za hazina za Debian ziandikwe kwa http, kwa kuwa zile za https haziwezi kuhifadhiwa kwa njia hii ya kawaida. Usalama haupungui, maana Debian hutia sahihi orodha za programu zake, na kila mashine huikagua sahihi hiyo kabla ya kupokea kitu.

Njia ya pili: kuazima nguvu

Programu za Debian huja zikiwa tayari. Ziko aina nyingine za Linux, kama Gentoo, ambazo kwa kawaida programu zake hujengwa ndani ya mashine ya mtumiaji. Kwa kompyuta kuukuu, programu moja kubwa yaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Hapo diski ya mashine kuukuu hufunguliwa kwa mtandao kwa njia ya NFS. Kompyuta yenye nguvu huingia ndani yake kwa amri ya chroot, ikafanya kazi kana kwamba ndiyo mashine ile.

Fundi lazima ataje aina ya prosesa ya mashine kuukuu. Akiiacha kompyuta yenye nguvu ijenge kwa kipimo chake yenyewe, programu zitakuwa na maagizo ambayo mashine kuukuu haiyaelewi, nazo zitakataa kufanya kazi.

Njia ya tatu: vyama vya mbali

Chama kilichoko mlimani, kisicho na mtandao wa kutegemewa, hutumia programu ya apt-offline. Mashine ya chama huandika faili ya mahitaji yake. Katibu huibeba kwa flashi hadi Moshi mjini. Kompyuta yenye mtandao hupakua vilivyotajwa. Naye hurudi navyo na kuviweka.

Tahadhari

1. Nakala ya hesabu za wanachama ifanywe kwanza, na ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo.

2. Kazi ifanywe kabla ya msimu wa kahawa, kamwe si siku ya malipo.

3. Umeme ukikatika katikati ya kazi, amri ya dpkg --configure -a humalizia kilichoachwa njiani.

4. Amri ya lscpu huonyesha kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Debian toleo la 13, lililotolewa Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Mashine ya namna hiyo, hata ikisaidiwa, iko ukingoni, na kamati ianze kuweka akiba ya kuibadilisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Kompyuta ya chama chenu ilihuishwa lini mara ya mwisho, na nani aliyethibitisha?

2. Ikiharibika leo, hesabu za wanachama zitapatikana wapi?

3. Ni vyama gani vya jirani vinavyoweza kushirikiana kununua kompyuta moja yenye nguvu, na nani ataitunza?