Gitaa langu linagombana na kinanda

Swali: Napiga solo kwenye kwaya ya kanisani hapa Manchira, Serengeti. Nyuzi zikiwa wazi gitaa liko sawa na kinanda, ila nikipanda juu kupiga sebene, sauti zinagombana. Fundi hatuna karibu. Nifanyeje?

Jibu: Kabla hujagusa skrubu, badili nyuzi. Zilizoshika kutu na jasho hazituniki hata umlete nani.

Kisha tuni uzi ukiwa wazi, kwa programu ya simu. Weka kidole juu yake pale penye chuma cha freti ya 12, bila kubonyeza, upige na kukiinua papo hapo: utasikia mlio mwembamba kama kengele. Sasa bonyeza freti hiyohiyo, upige tena. Milio miwili ilingane. Wa kubonyeza ukiwa juu zaidi, legeza uzi, chukua bisibisi, urudishe nyuma kile kichuma kinachoubeba kwenye daraja, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Kidogo kidogo, na kila mara tuni upya ndipo upime; ukiruka hapo utapoteza jioni nzima.



Chunguza na mkono wako. Anayekaba shingo kama anamkamata kuku hupandisha sauti mwenyewe, na nyuzi zikikaa juu mno ya freti ndiyo kabisa. Uzi wa tatu ukibaki na tofauti ya kuonekana kwenye simu tu, uache.