Maandishi Meupe Yasigeuke Waridi

Fulana nyekundu za chama hutoka kwa mchapishaji zikiwa na maandishi meupe safi. Siku mbili baadaye yamekuwa ya waridi, na mteja anadai arudishiwe pesa.

Mara nyingi wino hulaumiwa bure. Fulana iliyotiwa rangi baada ya kushonwa huweza kubaki na rangi ya ziada isiyoshika vizuri kwenye uzi. Kabla ya kuanza oda, mchapishaji asugue upande wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichafuka, fulana zifuliwe, zisuuzwe hadi maji yawe safi, kisha zikauke kabisa.

Poliesta ndiyo yenye taabu. Rangi yake hugeuka mvuke kwa joto na kupanda hadi kwenye wino, hivyo kufua pekee hakutoshi. Wino wa kawaida wa plastisoli huhitaji takriban nyuzi 160. Upo unaokomaa kwa nyuzi 130 hivi, na unafaa zaidi hata bei ikiwa juu. Chini yake hutangulizwa tabaka la wino wa kijivu wa kuzuia rangi.

Fulana zisirundikwe zikiwa moto. Moja ichapishwe kwanza, ikae siku mbili, ndipo nyingine zifuate.