Tafakuri ya Ramadhani 17: Mtoto amekua, mwachie safari yake



Leo tuongee na wazazi wenye vijana wakubwa. Siyo wale watoto wa madrasa, la. Nasema yule wa miaka 22, yuko chuo Dodoma au anajitafutia riziki Tabora mjini, na bado baba anataka hesabu ya kila shilingi ya boom, mama anapiga simu mara nne kwa siku, na mchumba ameshachaguliwa bila mwenyewe kuulizwa.

Mtazame Nabii Yaaqub (a.s.). Kama kuna mzazi aliyekuwa na sababu ya kumfungia mwanawe ndani, ni yeye. Alishampoteza Yusuf mikononi mwa kaka zake. Kisha haohao wanamtaka Binyamini waende naye Misri kutafuta chakula. Alifanya nini? Alichukua ahadi yao mbele ya Allah, akawausia wasiingie wote kwa mlango mmoja, na akakiri kwamba wasia wake hauzuii alilolikadiria Allah. Basi, akawaacha waende. Hofu alikuwa nayo, nasaha alitoa, na njia akaifungua. Tena Binyamini hakurudi na wenzake safari ile, mzee akalia upya. Lakini njia ileile ndiyo iliyomrudishia Yusuf.

Kwenye ndoa, dini yetu iko wazi. Khansa bint Khidam (r.a.), mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Akamwendea Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikabatilishwa. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari. Sisi tunakimbilia kusema "radhi zangu huzipati" hata kwa jambo la kuchagua kozi! Radhi ya mzazi ni nzito mno kuifanya fimbo ya kila siku.

Na hapa kwetu siyo jambo geni. Kwa wazee wa Unyamwezi, kijana alikuwa hahesabiwi mwanaume kamili mpaka ashuke pwani na msafara, mzigo begani, miezi kwa miguu. Mama alibaki nyumbani na dua tu, simu hakuna.

Vijana, msimrushie baba ujumbe huu kama silaha. Adabu iko palepale.

Mzazi, kabla ya futari mpigie mwanao. Mwambie unachokihofia, muulize amepanga nini, kisha nyamaza mpaka amalize.

Futari njema.