Kijana Anapopenda: Nafasi ya Rafiki na Jamaa

Shumba, kama vijiji vingi vya pwani ya Micheweni kisiwani Pemba, ni mahali pa kujuana. Mwenye duka ni mjomba, jirani ni shangazi, na ustadhi wa madrasa ndiye aliyemsomesha baba. Hata hivyo mapenzi ya vijana hufichika. Baba yuko dago, mama kafuata maji kuvua samaki au kulima mwani, na simu imebaki mkononi mwa mtoto.

Kupenda wakati wa kubaleghe ni maumbile. Hatari huanza kijana anapotenganishwa na wenzake.

Mfano ni msichana wa kidato cha pili aliyezoea kurudi kutoka skuli na wenzake, na Ijumaa wakisukana nywele ukumbini. Tangu apate mpenzi, kabadilisha njia. Kusukwa hataki, na rafiki akimuuliza hujibiwa, "Una kijicho tu." Kumbe mvulana ndiye aliyemkataza kuchanganyika nao, na nywila ya simu anaitaka yeye. Huko ni kumilikiwa. Rafiki anayeliona jambo hilo asisuse. Aendelee kumpitia mwenzake na kumsikiliza bila kumcheka.

Nyumbani, bakora humzidishia kijana ujuzi wa kuficha. Tangu zamani, asiloweza kumwambia mama humwambia bibi, shangazi au somo. Mvulana naye anahitaji mtu wa aina hiyo, maana barazani husikia majigambo tu.

Lakini ujamaa huohuo huzaa muhali. Aliyemharibu msichana akiwa mtoto wa ami, wazee huyamaliza ndani kwa radhi au ndoa ya haraka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, nayo haitambui ridhaa ya msichana asiyeolewa wa umri huo katika kujamiiana. Suluhu ya ukoo haifuti kosa. Naye msichana aliyepata ujauzito, Zanzibar inamruhusu kurudi skuli baada ya kujifungua.

Ukiona kijana analazimishwa, anatishwa au amedhalilishwa, mwambie sheha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Chake Chake. Simu ya Mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.