Jirani Yetu na Mpaka Wetu

Mtu huchagua mke, huchagua rafiki, na akijaliwa huchagua hata kazi, jirani hamchagui. Humkuta pale alipo. Ajenge nyumba au apange chumba, watu wako kuumeni na kushotoni kwake, nao ndio watakaosikia kilio cha kwanza nyumbani mwake usiku, kabla ndugu zake walio mbali hawajapata habari. Kwa hiyo kukaa vema na jirani si jambo la adabu tu. Ni usalama wa nyumba, na kwa sisi Wakristo ni amri.

Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Basi hatusemi kwamba majirani wema hawakosani kamwe. Twasema kwamba hawaachi kosa likazeeka.

Tuanze na jirani mwema, maana huyo husahauliwa upesi. Yeye hutoa chumvi, kiberiti na ngazi. Huangalia watoto wa mwenzake mama yao akiwa sokoni. Naye kwa kuwa hanung'uniki, huombwa kila siku. Jembe lake hurudi limevunjika mpini. Ndoo yake hairudi kabisa. Siku atakapokataa mara moja, ataitwa mchoyo. Hivyo ndivyo wema unavyochoshwa, na jirani mwema wa jana hugeuka jirani mgumu wa leo. Dawa yake ni nyepesi: kilichoazimwa kirudishwe kizima, siku ile iliyosemwa, na mikono inayopokea ijifunze kutoa pia.

Sasa tumtazame jirani mgumu. Tukichunguza chanzo cha ugomvi, mara nyingi twaona kitu kidogo. Shamba: mbuzi ameingia katika mahindi, au jembe limesogeza mpaka hatua moja. Mjini: maji machafu yatiririka mlangoni pa mwenzake, redio yalia hadi usiku wa manane, au wapangaji sita watumia LUKU moja, huyu ana jokofu na pasi, yule ana taa moja tu, na fedha watoa sawa. Haya yote yangekwisha kwa maneno machache. Lakini mwenye kinyongo hamwambii mhusika. Huyasema nyumba ya tatu, na yakitoka huko yamekwisha ota mikono na miguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena ukuta huo waweza kuua. Katika nchi yetu, hasa pande za Usukumani, wako wakongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, nayo macho hayo yaliharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Nyuma ya neno hilo baya mara nyingine palikuwa na ugomvi wa shamba au wivu wa jirani. Mkristo asiyatie maneno ya namna hiyo kinywani mwake, hata kwa mzaha.

Je, tufanyeje? Injili ya Mathayo, sura ya 18, yatufundisha utaratibu: kwanza nenda kwake peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia tena, ndipo jambo lipelekwe mbele ya jamii. Wengi wetu huugeuza utaratibu huo, wakaanza na jamii.

Kwanza, basi, nenda mwenyewe. Nenda mapema, lakini si katika hasira; ngoja usiku upite. Taja jambo, usitaje tabia. Kusema, "Mbuzi wako amekula mahindi yangu," kwaweza kujibiwa. Kusema, "Ninyi ndivyo mlivyo," hakuna jibu ila matusi. Kisha sikiliza, maana huenda naye ana lake juu yako.

Pili, tafuta mzee mwenye busara. Wachaga wa Kilimanjaro wana mmea uitwao isale. Huupanda mpakani mwa vihamba, ili kila mtu ajue kikomo chake. Na jani la mmea huo huo hupelekwa kwa aliyekosewa, kuomba msamaha. Tulifikirie jambo hili. Kinachotenga mashamba ndicho kinachopatanisha wenye mashamba. Mpaka ulio wazi si uadui. Ni heshima, na majirani wanaojua mpaka wao wana sababu chache za kugombana.

Tatu, liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Tusiliruke baraza hilo kwa haraka ya kwenda kortini. Mtu aweza kushinda kesi akampoteza jirani, na nauli za kufuata kesi zikapita thamani ya ule ukanda wa ardhi uliogombewa.

Lakini lazima tuseme neno moja zaidi. Uvumilivu ni kwa ajili ya maudhi, si kwa ajili ya damu. Jirani akimpiga mkewe hadi kumwumiza, akitesa mtoto, au akitishia maisha ya mtu, kunyamaza si ujirani mwema. Hapo piga hodi, ita wenzako, toa habari kwa serikali ya kijiji au ya mtaa na kwa polisi. Msamaria wa Injili ya Luka hakupita kando akisema, "Hayanihusu."

Wazazi, watoto wenu wawatazama. Mkiwakataza kucheza na watoto wa jirani kwa sababu ya mbuzi, mmewarithisha ugomvi wasioujua. Nanyi mnaosali pamoja katika jumuiya ndogo ndogo, kumbukeni kwamba jumuiya hiyo ni majirani wenyewe. Haifai kuitikia sala pamoja jioni, kisha asubuhi kupishana kisimani bila salamu.

Basi juma hili kila nyumba ijiulize: ni mlango gani hatujaubishia siku nyingi? Twende tukaubishie. Anayetangulia kusalimu hapungukiwi kitu.