Kubadilisha Madirisha bila Kudhuru Afya: Somo kwa Wakazi wa Evere

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Evere wanaokusudia kubadilisha madirisha ya zamani, wawe wenye nyumba au wapangaji. Dirisha jema hupunguza baridi, kelele na gharama ya kupasha nyumba joto. Lakini dirisha lililochaguliwa bila kufikiria hewa laweza kuleta kuvu ukutani, kuzidisha pumu na, penye mtambo wa gesi, kuhatarisha uhai. Tafadhali soma somo lote kabla ya kutia sahihi mkataba na fundi.

1. Kwa nini kuvu huota baada ya madirisha kubadilishwa

Kaya ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, huweza kutoa mvuke unaofikia lita 10 hivi za maji kwa siku. Dirisha la zamani lilikuwa na nyufa, na sehemu ya mvuke huo ilitoka kwa njia hiyo. Tena kioo kimoja ndicho kilichokuwa mahali pa baridi kuliko pote chumbani; mvuke uligeuka maji juu yake, nanyi mkayafuta asubuhi.

Dirisha jipya halina nyufa, na kioo chake hakipoi sana. Mvuke haukupungua, umekosa njia ya kutoka, nao hutafuta mahali pengine pa baridi: pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda cha mtoto. Hapo ndipo kuvu huota. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dirisha, anayeziba ufa bila kufungua njia nyingine ya hewa huuharibu ukuta wenyewe.

Kwa hiyo, agizeni njia ya hewa pamoja na dirisha. Hewa safi iingie sebuleni na katika vyumba vya kulala, ipite chini ya milango, kisha itoke kupitia jikoni, bafuni na chooni. Mwombeni fundi aweke kipenyo cha hewa chenye kifuniko cha kurekebishwa juu ya kioo. Msikizibe kwa gundi wala kwa kitambaa wakati wa baridi. Aidha, fungueni madirisha dakika 10 asubuhi na jioni, na wekeni kipimo cha unyevu chumbani: kati ya asilimia 40 na 60 panafaa.

Mtu akikohoa au kubanwa kifua daima akiwa nyumbani, mwoneni daktari. Daktari aweza kuomba kitengo cha jimbo kinachochunguza uchafuzi wa hewa ya ndani, CRIPI, kifike nyumbani kwenu.

2. Mitambo ya gesi: hatari isiyo na harufu

Mitambo mingi ya zamani ya kupasha maji kwa gesi huchukua hewa ndani ya chumba kilipo. Chumba kikizibwa, moto hukosa hewa ya kutosha na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Feni yenye nguvu ya kuvuta moshi jikoni yaweza pia kuirudisha gesi hiyo ndani kutoka kwenye bomba la moshi.

Kabla ya kubadilisha dirisha la bafuni au la jikoni, mwiteni fundi wa mitambo ya gesi aukague mtambo, bomba la moshi na matundu ya hewa.

Watu kadhaa wakiumwa kichwa, wakisikia kichefuchefu au kizunguzungu kwa wakati mmoja: fungueni madirisha, zimeni mtambo kama mwaweza, tokeni nje na pigeni simu 112. Mtu akizimia, mwambieni anayepokea simu kwamba mnashuku kaboni monoksidi. Kwa ushauri kuhusu sumu, Centre Antipoisons hupatikana kwa nambari 070 245 245.

3. Kuchagua kioo

Upotevu wa joto hupimwa kwa alama U: nambari ikiwa ndogo, joto linalopotea ni dogo. Kioo kimoja kina karibu 5.8, vioo viwili vya zamani, karibu 2.8, vioo viwili vya kisasa, karibu 1.1, vioo vitatu, karibu 0.6. Nambari ndogo kabisa si chaguo bora kwa kila nyumba. Vioo vitatu ni vizito, na kuta zisizo na kizuia baridi hubaki za baridi na kuvutia unyevu.

4. Kelele za ndege na za barabara

Evere iko jirani na uwanja wa ndege wa Zaventem. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za ndege kwa wastani zisizidi desibeli 45 kwa siku nzima, na 40 usiku, kwa sababu kelele huvuruga usingizi na kudhuru moyo.

Chagueni vioo viwili vyenye unene tofauti, na kimojawapo kiwe kimeunganishwa kwa utando katikati. Ulizeni kipimo cha desibeli cha dirisha zima, si cha kioo peke yake. Kipenyo cha hewa kiwe cha aina inayopunguza sauti. Mkilala chini ya paa, jueni kwamba sauti hupita paani pia. Dirisha pekee halitatosha.

5. Usalama wa watoto na wa kazi

Kwenye ghorofa, wekeni vishikio vyenye ufunguo, wala msiweke kiti au kitanda chini ya dirisha. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na vizingiti vyeusi vya ndani vyaweza kuwa na asbesto. Msivipige msasa wala kuvivunja wenyewe. Watoto na wajawazito wakae mbali na vumbi.

6. Kabla ya kutia sahihi

- Ulizeni ofisi ya mipango miji ya komuni kama kibali chahitajika, hasa kwa dirisha linaloonekana kutoka barabarani.
- Katika jengo la ghorofa, mwulizeni kwanza msimamizi wa jengo.
- Homegrade hutoa ushauri wa nyumba bila malipo. Ulizeni huko kuhusu misaada ya fedha kabla ya kazi kuanza.
- Mpangaji amwarifu mwenye nyumba kwa barua ya rejista na kutunza nakala. Ukaguzi wa makazi wa jimbo waweza kupiga marufuku nyumba isiyofaa isipangishwe. Basi tafuteni ushauri kabla ya kulalamika.

Maswali ya kujipima

1. Hewa safi itaingia wapi, na chafu itatoka wapi?
2. Je, mtambo wetu wa gesi umekaguliwa?
3. Je, makadirio ya bei yametaja alama U, desibeli na kipenyo cha hewa?

Jibu likikosekana kwa swali hata moja, msitie sahihi bado.