Namba 4,294,967,297 na Sitiari ya "Namba Tasa"

Makala haya yanajadili namba moja tu, 4,294,967,297, kwa kuwa historia yake inaitia majaribuni istilahi ambayo aghalabu tunaipokea bila kuihoji: namba tasa. Istilahi hii, iliyozoeleka katika hisabati ya shule za msingi nchini Tanzania, hurejelea namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 7 ni tasa. 6 si tasa, maana ina vigawo 2 na 3.

Namba yetu husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. (Laki imetumiwa makusudi. "Elfu mia tisa na sitini na saba" yaweza kufasiriwa pia kuwa 900,067.) Hupatikana kwa kuikuza 2 kwa kipeo cha 32, kisha kuongeza 1. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini mwaka 1640 kuwa namba za ukoo huu zote ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Tano za kwanza zilimuunga mkono: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Hoja ifuatayo yathibitisha jambo hilo bila kugawa tarakimu hata moja. Kwanza, 640 ni 5 mara 128, na 128 ni 2 kwa kipeo cha 7. Tukiikuza 640 kwa kipeo cha 4 tunapata zao la 625 na 2 kwa kipeo cha 28. Tuliite zao hilo Z. Z ukitoa 1 hugawanyika kwa 641, kwa kuwa namba yoyote iliyokuzwa kwa kipeo cha 4, ikipunguzwa 1, hugawanyika kwa ile inayoizidi namba hiyo ya mwanzo kwa 1. Pili, 641 ni jumla ya 625 na 16. Tukiizidisha jumla hiyo kwa 2 kwa kipeo cha 28, tunapata Z na 2 kwa kipeo cha 32. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni 2 kwa kipeo cha 32 na 1, yaani namba yetu. Nayo, sawa na yale mawili, lazima igawanyike kwa 641.

Turejee kwenye istilahi. Tasa ni kiumbe asiyezaa. Kwa hiyo sitiari hii inavitazama vigawo kama watoto. Hata hivyo, 641 na 6,700,417 zote ni tasa, na ndizo zilizoizaa namba yetu. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, ni zao la namba tasa. Zinachokosa basi si watoto bali wazazi. Kiingereza na Kifaransa, kwa kufuata Kilatini, huziita namba za kwanza, sitiari iliyo karibu zaidi na kazi yake, tena isiyobeba unyanyapaa ambao neno tasa humtwika mwanamke.

Sipendekezi istilahi hii ifutwe. Imekwisha kukita mizizi. Ila mwalimu aitumiapo hana budi kueleza mwelekeo wa sitiari yenyewe, kwani mwanafunzi aaminiye kuwa namba tasa hazizai hataona 4,294,967,297 ilitoka wapi.